Mficha Uchi Hazai

Mhadhiri wetu wa semantiki alikuwa na mazoea ya kutupa neno moja fupi mwanzoni mwa kipindi na kututaka tulichambue mpaka tulimalize. Siku moja neno lenyewe lilikuwa "kaa". Tulianza kwa mbwembwe: kaa wa baharini, kaa la moto, kisha kitenzi chenyewe na maana zake za kuketi, kuishi, kubaki na kudumu. Mwenzetu mmoja akaorodhesha vinyambuliwa vyake: makao, makazi, mkazi, mkao, kikao. Darasa likaangua kicheko, kwani nani asiyevijua vikao vya wanafunzi visivyokwisha? Mimi sikucheka. Wakati huo nilikuwa mweka hazina wa chama cha wanafunzi Wakristo, na alfajiri ya siku iyo hiyo nilikuwa nimefundisha ibadani sura ya 15 ya Injili ya Yohana, ambamo Yesu, usiku wa kuamkia kifo chake, anajifananisha na mzabibu na kuwafananisha wanafunzi wake na matawi. Kitenzi kinachorudiwarudiwa katika maneno hayo ni hicho hicho, kukaa. Nilikuwa nimekifafanua vizuri, hata nikapongezwa. Nilikuwa nimekifafanua nikiwa mwizi.

Tulikuwa tumechanga shilingi 18,400 kwa ajili ya ziara ya injili katika shule moja ya upili. Fedha hizo zilihifadhiwa katika simu yangu, kwa kuwa niliaminiwa. Mkopo wangu wa masomo ulichelewa mwezi wa kwanza, ukachelewa wa pili, na mwenye nyumba akatia kufuli mlangoni, vitabu vyangu vikiwa ndani. Nikachukua shilingi 6,500. Nilijiambia kwamba nimekopa. Neno "kukopa" lina huruma nyingi kwa anayelitumia, na mtu akilirudia vya kutosha huweza hata kulala usingizi.

Ningependa msomaji aelewe jambo moja ambalo mimi mwenyewe lilinichukua muda kulielewa. Katika majuma yaliyofuata sikulegea katika dini. Nilizidi. Nilifunga Jumatano, nikaongoza mkesha, nikajitolea kupiga deki ukumbi wa ibada, nikawatembelea wagonjwa. Yeyote aliyenitazama kwa nje angesema kijana huyu anazaa matunda. Lakini maombi yangu yalikuwa yamegeuka kuwa taarifa. Nilizungumza na Mungu kama mdeni anavyozungumza na mdai wake wanapokutana sokoni: kwa maneno mengi na uchangamfu mwingi, macho yakitazama kando. Hapo ndipo nilipokumbuka kicheko cha darasa letu. Nilikuwa na vikao chungu nzima, sina makao.

Mizabibu huku kwetu ni adimu, na anayetaka kuiona ikizaa huelekezwa Dodoma. Nilichokijua tangu utotoni ni mibuni ya nyanya yangu huko Murang'a. Nilikwenda kwake mwisho wa juma mmoja, kwa kisingizio cha kumsaidia kupogoa. Mwenye kukuza kahawa anajua kwamba kutoka kwenye shina la mbuni huchipuka vitawi vya wima, vinene, vyenye majani mabichi ya kupendeza. Asiyejua huviona kuwa ndivyo uhai wa mti. Kumbe hunyonya tu nguvu ya shina, hutia kivuli ndani ya mti, na matawi ya ubavuni yanayobeba buni hudhoofika. Nyanya, japo umri umemwinamisha, alikuwa akivikata bila kusitasita. Nilipomuuliza kama havionei huruma alinijibu bila kuinua uso, "Majani nitayapeleka kiwandani kupimwa?"

Sharti niseme kidogo kumhusu. Nyanya ni wa watu wa Uamsho, ule uliochipuka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, ukavuka Uganda na kufika Kenya, ambako mkutano wa Kabete wa mwaka 1937 hukumbukwa hadi leo. Ndio walioufanya wimbo wa Kiganda, "Tukutendereza", ukaimbwa hata na wasiojua neno la pili la Kiganda. Wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa mwaka 1952, wengi wao walikataa kula kiapo cha Mau Mau na wakakataa vilevile kushika bunduki upande wa serikali, na kuna waliouawa kwa sababu hiyo. Nyanya alikuwa msichana mdogo siku hizo. Alichokirithi kutoka kwao ni desturi wanayoiita kutembea nuruni: ndugu wakutanapo, kila mmoja huyaweka mbele ya wenzake mambo yake kama yalivyo.

Nilikuwa nimezoea kuiona desturi hiyo kama ushamba. Bado naamini ina hatari zake. Wapo walioigeuza kuwa kibano cha kuwaminya wengine wakiri mambo yasiyowahusu wasikilizaji, na wapo waliotubu dhambi ile ile kila Alhamisi kwa ufasaha unaozidi kukua. Lakini siku ile, tukiwa tumeketi juu ya magunia tukinywa uji, Nyanya alinisimulia jambo ambalo sikuwa nimelisikia. Alipokuwa mama kijana aliiuzia familia ya mwalimu jirani maziwa, na kwa miezi mingi aliyaongeza maji. Alikuwa mwimbaji wa kanisa, akisimama safu ya mbele. Sauti, alisema, haikupungua. Kilichopungua ni hamu ya kubaki peke yake na Mungu baada ya wimbo kwisha. Hatimaye alisimama mbele ya ndugu akasema. Kesho yake akabeba kibuyu kilichojaa mpaka kwa mke wa mwalimu, akamweleza. Yule mama akampokea kibuyu, akamwambia, "Tulijua, dada. Tulikuwa tukikungoja."

Kisha Nyanya akanitazama. "Mjukuu wangu, umekonda. Unaficha nini?"

Sikumjibu siku hiyo. Nilirudi chuoni nikiwa na swali lake, na nikayasoma Maandiko kama mtu anayetafuta mlango wa nyuma. Sikuupata. Katika kitabu cha Mwanzo, jambo la kwanza wanalolifanya Adamu na Hawa baada ya kosa lao ni kujishonea majani ya mtini, na Mungu anapokuja bustanini wanajificha katikati ya miti. Mungu ndiye anayeuliza walipo. Nikaukumbuka mtini mwingine, ule wa Injili ya Marko, ambao Yesu aliukaribia akiwa na njaa akaukuta una majani matupu. Sijui kama wataalamu wa Biblia wataniruhusu kuiunganisha mitini hii miwili, lakini mimi niliiona ikiwa imesimama kandokando ya chumba changu. Nayo Zaburi ya 32 inaeleza jinsi mtu anayenyamazia kosa lake anavyochakaa hadi mifupani, mpaka siku anapoacha kulifunika. Paulo naye, anapowaandikia Wagalatia, anataja mambo tisa na kuyaita tunda, kwa umoja. Mikesha haimo katika orodha hiyo. Uaminifu umo.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Methali hii hutajwa zaidi tunapomshauri mgonjwa amweleze tabibu ukweli. Sikuwahi kuisikia mimbarani, labda kwa sababu ya neno lake la pili. Hata hivyo, sioni ufafanuzi ulio mfupi zaidi wa kile kilichonipata. Nilidhani ukaribu na Mungu ni wingi wa saa ninazompa, na kwamba tunda litatokana na wingi huo. Kumbe mtu anaweza kumpa Mungu saa ishirini na nne akiwa amejibanza nyuma ya mti. Tawi halifanyi kazi kubwa ya kuzaa. Linakaa tu, na jeraha la panga likiwa wazi.

Jumatatu iliyofuata niliomba nafasi mwishoni mwa kikao cha kamati. Nilisema kiasi, tarehe na sababu, nikajizuia kuieleza sababu kwa kirefu, maana niliona ikianza kuota majani. Kimya kilichofuata kilikuwa kirefu. Mwenyekiti alilia. Mwenzangu mmoja, ambaye nilimpenda, alisema ningeyamaliza mambo hayo kimyakimya badala ya kukiaibisha chama, na kwa muda mrefu hakunisalimia. Waliniondoa katika wadhifa, ipasavyo. Ziara ilifanyika, watu wachache wakaenda, nami sikuwa miongoni mwao. Tulikubaliana kwamba nitalipa shilingi 500 kila juma, kwa majuma kumi na matatu, na nikaanza kuuza mandazi bwenini ili nizipate.

Usiku wa siku ile ya kukiri sikuwa na maneno ya kuomba. Niliketi kitandani, taa imezimwa, pengine kwa nusu saa. Sikuwa na taarifa ya kutoa. Sikuwa na haja ya kutazama kando. Nilikaa.

Juma la tano mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, ambaye hatukuwa na mazoea, alibisha mlango wangu usiku. Alinunua andazi moja, akalishika mkononi bila kulila, kisha akaniuliza kama ni kweli nilisema mbele ya kamati yale aliyosikia nimesema. Nikamwambia ni kweli. Akaketi. Aliyonieleza ni yake, sitayaandika hapa, ila tuliamka asubuhi bado tuko pale pale na andazi halijaliwa.

Nyanya hupiga simu kila Jumapili jioni. Haulizi habari za mtihani, wala za chama. Huanza na mibuni, kama mvua imenyesha na kama matawi ya ubavuni yameshika maua, kisha huuliza, "Umebakisha ngapi?" Jumapili iliyopita nilimwambia zimebaki shilingi elfu moja.

"Basi ulete mandazi ukija," akasema.