Kochi Mliloliona Kwenye Picha

Najua nimepotea, zamu za usiku zimenimaliza. Lakini tangu niwatumie ile picha ya sebule yangu, simu hazikomi. Shangazi anasema nimeshakuwa tajiri. Kaka naye ameniuliza, kwa mzaha usio mzaha, kochi kama lile ni pesa ngapi, na mbona karo ya mdogo wetu ilichelewa. Siku ile nilinyamaza. Leo najibu mbele ya wote, maana Mama anakuja mwezi wa tano na afadhali ayasikie kwangu kabla hajaingia mlangoni.

Kochi lile ni mtumba. Dola 60. Meza na viti vyake vinne, dola 45. Sahani, vikombe na sufuria, vyote mitumba!

Huku nyumba ya kupanga huja na jiko na friji, basi. Mengine ni juu yako. Nilipofika nililala chini wiki tatu, nimetandika koti la baridi. Hilo sikuwaambia. Nikaingia duka moja la samani la kulipa kidogo kidogo. Dola 20 tu kwa wiki! Kalamu nilishaishika. Halafu nikapiga hesabu kama tunavyopiga ya dawa: 20 mara wiki 78 ni dola 1,560, na kochi lenyewe kwa pesa taslimu ni 700. Nikairudisha kalamu mezani, nikatoka.

Nesi mwenzangu, Mkisii anayekaa Brooklyn Park, alinicheka hadi machozi. "Wewe umekulia Mombasa, Kongowea unaijua, leo wataka kipya?" Jumamosi akanipeleka Arc's Value Village kule Richfield, duka ambalo mapato yake husaidia watu wenye ulemavu wa akili, kisha tukapita Savers na Goodwill. Mwisho wa Agosti akanionyesha Dinkytown, karibu na Chuo Kikuu cha Minnesota. Wanafunzi wakihama, meza na rafu zinaachwa kando ya barabara, mwenye gari ajichukulie!

Lakini si kila cha bure ni cha kubeba. Kunguni wako hata Marekani, jamani. Kwa hiyo nabeba tochi, naangalia kila mshono na kila ufa wa mbao. Kitambaa hakiingii ndani kabla hakijapita nusu saa kwenye mashine ya kukausha nguo, moto wa juu. Godoro nilinunua jipya, hapo sikubania. Na kwa mwenye mtoto: kile kitanda cha mtoto ambacho ubavu wake unateremka, usikichukue hata ukipewa bure. Watoto walibanwa wakafa, na tangu Juni 2011 ni marufuku kukiuza hapa, kipya au cha zamani.

Kilichonichekesha ni hiki. Nguo zisizouzika kwenye maduka haya nyingi hufungwa marobota zikasafirishwa, na nyingine huishia huko kwetu. Kumbe miaka yote tulikuwa mwisho wa foleni. Mimi nimesogea mbele tu!

Mwaka jana nilipata meza kubwa zaidi, ile ya kwanza nikaipeleka Bridging. Hao tangu 1987 wanawapa samani watu wanaoanza upya, wakiwemo wakimbizi, wanaotumwa kwao na wafanyakazi wa ustawi wa jamii. Nilipoishusha nilikumbuka lile koti sakafuni, koo likanikaba.

Sasa, Kaka. Karo ilichelewa kwa sababu gari liliharibika katikati ya baridi, na bila gari sifiki kazini. Ningekuambia siku ile ile, lakini niliona haya. Kochi halikula karo. Ningenunua lile la dola 1,560, hapo ndipo lingeikula.

Na wewe Mama, kochi lina doa upande wa kushoto. Nimelifunika kwa leso uliyonipa uwanja wa ndege, usilifunue mbele ya wageni. Tena tafadhali, niletee mbuzi ya kukunia nazi. Hiyo nimeitafuta maduka yote ya mitumba ya Minneapolis na Saint Paul, sijaiona.

Haya, nalala. Nisalimieni wote.