Jinsi Tulivyorudisha Nuru Usoni

Mwaka jana, katika komini ya Mikelenge hapa Kindu, tulikaa matangani kwa jirani yetu, mzee aliyekuwa ametumika miaka mingi katika reli. Juu ya meza ndogo, karibu na mshumaa, ilisimama picha yake. Shati lake jeupe lilionekana vema, hata vifungo tungeweza kuvihesabu. Ukuta uliokuwa nyuma yake ulionekana pia, pamoja na ufa wake. Lakini uso wenyewe ulikuwa doa jeusi, hauna jicho wala mdomo.

Kijana mmoja aliyeketi karibu nasi akanong'ona ya kwamba marehemu alikuwa mweusi mno, ndiyo sababu picha haikuweza kumshika. Mjane akasikia. Siku ile hakujibu neno. Lakini matanga yalipokwisha akaja barazani kwetu, akaketi, akanyamaza kitambo, kisha akasema: «Mwalimu, nasikia una kamera. Nami nipige picha kabla sijamfuata mzee wangu. Ila nataka wajukuu wayaone macho yangu. Nguo zangu watazikuta sandukuni.»

Tulimwahidi upesi, pengine upesi kupita kiasi, maana hatukuwa bado na njia ya kulitimiza neno hilo.

Ule mnong'ono wa kijana ulituuma kwa sababu si mara ya kwanza kuusikia. Shuleni, wanafunzi wanapopigwa picha ndogo za vyeti, wale walio weusi sana hutaniwa na wenzao. Tulimwona msichana mmoja mwerevu, wa kwanza katika hesabu, amejipaka poda nyeupe usoni siku ya picha, akatoka kama mtu aliyeanguka katika unga. Wenzake walicheka. Sisi hatukucheka, tuliona haya, kwa kuwa hakuna aliyemfundisha ya kwamba kosa halimo katika ngozi yake.

Kosa limo wapi basi? Kamera haijui uso ni nini, wala ukuta ni nini. Hupima nuru yote inayoingia katika lenzi, kisha hujirekebisha ili jumla ya picha itoke katika kijivu cha kadiri. Mtu mweusi akiwekwa mbele ya ukuta uliopakwa chokaa, naye amevaa shati jeupe, weupe ule ndio unaoitawala kamera. Kamera huona nuru imezidi, huipunguza; ukuta hutoka mzuri, na uso huzama. Zaidi ya hayo, Kindu iko karibu digrii 3 tu kusini ya ikweta. Saa za adhuhuri jua lasimama juu ya utosi, na paji la uso hutupa kivuli chake juu ya macho kama paa juu ya baraza. Ukimpiga mtu picha saa hizo uwanjani, utapata paji na pua, na mashimo mawili mahali pa macho.

Wako pia waliokosa kwa muda mrefu, tena mbali na hapa. Kampuni ya Kodak ya Marekani iliwapelekea wasafishaji wa picha kadi za kulinganishia rangi, na juu ya kadi hizo alikuwa mwanamke mweupe. Ziliitwa kadi za Shirley, kwa jina la mwanamke wa kwanza aliyepigwa. Miaka mingi rangi ya ngozi ikapimwa kwa sura ile, na nyuso za watu weusi zikaachwa zijitafutie njia. Twayasema haya ili yule msichana wa poda ajue.

Lakini walikuwako Waafrika waliojua kazi yao. Seydou Keïta wa Bamako, nchini Mali, alifungua nyumba yake ya picha mwaka 1948, akawapiga watu wa mji wake uani, kwa nuru ya mchana, mbele ya vitambaa vya maua. Picha zake zimetembea duniani, na nyuso zilizomo ni za watu weusi kama sisi, nazo zinatazama, zina macho, zina fahari. Tulipoziona kitabuni tulijua ya kwamba yule mama wa Mikelenge haombi muujiza.

Tungefanyaje? Taa ya ghafula iliyo juu ya kamera hupiga uso moja kwa moja, na paji hung'aa kama sufuria iliyosuguliwa. Taa kubwa za wapiga picha zahitaji umeme wa hakika, na umeme wa hakika hatunao. Ilibaki nuru ya mbingu, ambayo hailipiwi. Hiyo ilikuwako tele; ilitubidi tu kuipeleka chini ya paji la uso, kwenye macho, mashavu na kidevu. Kwa kazi hiyo hutumika ubao unaorudisha nuru, na ukipindwa hufanya kazi vizuri zaidi.

Hapa twaomba ruhusa ya kukumbuka. Seminarini, padri aliyetufundisha fizikia alikuja siku moja na kijiko cha mezani. Akatuambia tujitazame katika tumbo la kijiko, nasi tukajiona kichwa chini. Akaeleza ya kwamba kioo kilichobonyea hukusanya nuru mahali pamoja, na kama mbonyeo wake ni kipande cha duara, mahali hapo ni katikati ya kioo na kitovu cha duara lile. Tulicheka sana kwa ajili ya pua zetu, tukasahau somo. Kusahau huko kulitugharimu.

Maana ubao wetu wa kwanza tuliutengeneza kwa madebe ya mafuta. Tuliyakata, tukayanyosha, tukayasugua kwa majivu hata yakang'aa, tukayapigilia juu ya fito za mianzi zilizopindwa. Tulijivuna sana. Mdogo wetu akakubali kuketi mbele yake, tukaugeuza ubao ukalikabili jua. Mara mstari wa nuru kali ukamkata shavuni, akaruka kutoka kitini akipiga kelele, machozi yanamtoka. Picha tuliyopata yaonyesha kiti kitupu. Mama yetu alitugombeza kama tungali watoto, naye alikuwa na haki. Asijaribu mtu kumwelekezea mwenzake bati lililosuguliwa, hata kwa mzaha.

Tukarudi kwenye kijiko. Tuliona ya kwamba twahitaji umbo la kijiko bila ukali wake. Basi tukachukua kartoni kubwa ya dukani, na karatasi ya alumini ile ya kufungia chakula. Karatasi hiyo tuliifinyangafinyanga kwanza mikononi, kisha tukaikunjua polepole isipasuke, ikawa imejaa mikunjo maelfu. Kila mkunjo hutupa nuru upande wake, na kwa hiyo nuru hutawanyika, haichomi. Tuliibandika kwa uji mzito wa unga wa muhogo, tukauacha ukauke kivulini siku mbili. Asiye na karatasi hiyo atumie shuka nyeupe. Hurudisha nuru kidogo zaidi ya pungufu, lakini ni ya upole.

Umbo lake tulilichora uwanjani pamoja na wanafunzi. Tulisimika kigingi, tukafunga kamba ya mita 1, tukachora kwa kijiti kipande cha duara chenye urefu wa sentimeta 120. Tukavuta kamba kutoka ncha hata ncha: sentimeta 113. Kina katikati: sentimeta 17 na nusu. Wanafunzi walifanya hesabu ubaoni wakapata yale yale yaliyokuwa mavumbini, na furaha yao ilitulipa nusu ya taabu. Tukapinda fito tatu za mianzi kwa kipimo hicho, tukafunga kamba toka ncha hata ncha zisinyoke, tukaifunga kartoni juu yake. Upana wake ni sentimeta 50. Mwanafunzi mmoja akaaye Alunguli, ambaye huvuka Lualaba kila siku kuja shuleni, aliutazama akasema: «Mwalimu, huu ni mtumbwi.» Tangu siku ile huitwa mtumbwi.

Msomaji atauliza, kwa nini tusitumie ubao ulionyoka? Mtu akiketi na uso wake kwenye kitovu cha duara, yaani mita 1 kutoka ubaoni, kila kipande cha mtumbwi chamtazama usoni, na vyote viko mbali sawa. Nuru yamjia kutoka chini, kulia na kushoto kwa kadiri moja. Ubao ulionyoka wa urefu huo huo una ncha zilizo mbali karibu sentimeta 117. Nuru hupungua kwa mraba wa umbali, kwa hiyo nuru ya ncha hupungua kwa zaidi ya robo, tena huondoka kwa ubavu. Mashavu hukosa sehemu yao.

Siku ya mama mzee tulikwenda asubuhi, jua lingali chini. Alikuwa amevaa kitenge na kilemba cha buluu. Tulimketisha barazani ndani ya kivuli, uso ukielekea uwanjani, na nyuma yake tukatundika blanketi la rangi ya udongo mahali pa ukuta mweupe. Mtumbwi tuliulaza juu ya meza fupi mbele yake, chini ya kifua, umeinama kidogo kumwelekea, pale ukingoni mwa kivuli ambapo mbingu yauona lakini jua halijaufikia. Kamera ikasimama nyuma ya meza, ikitazama juu ya ukingo wa ubao. Nuru tuliipima usoni pake, si penginepo. (Wenye simu waguse uso juu ya kioo cha simu kabla ya kupiga, simu nyingi hutii.)

Wajukuu wawili waliokuwa wakitazama walinyamaza. Tulikuwa tumeuondoa mtumbwi kwanza, kisha tukaurudisha, ili nao waone. Ubao ulipoingia mahali pake, vivuli vya machoni viliinuka kama pazia, na ndani ya kila jicho la mama kukaonekana mstari mdogo mweupe uliopinda, sura ya mtumbwi wenyewe. Ngozi yake haikugeuka nyeupe. Ilibaki nyeusi, nyeusi iliyojaa, yenye mikunjo ya miaka yake na kovu dogo juu ya nyusi ambalo hatukuwa tumeliona kamwe, ingawa tumekuwa majirani zaidi ya miaka kumi.

Tulimpelekea picha katika karatasi baada ya juma moja. Aliishika mbali, kisha karibu, akapitisha kidole juu ya kovu. Wajukuu wakamwuliza alilipata wapi, naye akaanza kuwasimulia habari ya mtoto aliyeanguka kutoka mwembeni, tukasubiri hata hadithi iishe.

Kisha akaingia ndani, akatoka na picha ya mumewe. Akaiweka mapajani, akauelekeza mkono mahali mtumbwi ulipoegemea ukutani, akauliza: «Na huyu, Mwalimu? Ubao huu hauwezi kumrudishia nuru?»

Tukamwambia ya kwamba nuru isiyoingia katika kamera siku ile haimo katika karatasi, na hatuna pa kuitoa. Akaitika kwa kichwa. Akamwita mjukuu mkubwa, akamwagiza alete misumari miwili, na picha zote mbili zikatundikwa ukutani, bega kwa bega.

Juma lililofuata wajukuu wanne walikuja kwetu bila kutumwa na mtu, wamenawa nyuso, wakauliza kama mtumbwi bado uko.