Mitaa ya Eastlands na Mtihani wa Mara ya Pili

Msafiri atokaye Mombasa kwa treni ya SGR, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017, hushuka Syokimau, kisha huingia Nairobi kwa upande wa mashariki. Huko ndiko iliko mitaa ya Eastlands: Pumwani, Kaloleni, Makongeni, Jericho, Buruburu. Tulikwenda kumtazama binti wa dada yetu aliyepanga chumba Pumwani, nasi tukakaa siku nne.

Mtu wa pwani hajioni mgeni Pumwani. Mtaa huu ulipimwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, na nyumba zake za kale za Majengo zilijengwa kwa mtindo wetu: ukumbi katikati, vyumba huku na huku. Wenye nyumba hizo walikuwemo wanawake wengi, waliojijengea kwa jasho lao. Adhana ya Msikiti wa Riyadha husikika juu ya kelele za soko la Gikomba, na si mbali na hapo ipo Hospitali ya Uzazi ya Pumwani, iliyoanzishwa mwaka 1926. Wakenya wasiohesabika wamezaliwa humo.

Binti yetu amesomea uuguzi. Amemaliza chuo, amevaa joho, jamaa wamekula pilau. Lakini nchini Kenya kuhitimu hakumfanyi mtu kuwa muuguzi. Hana budi kufaulu mtihani wa Baraza la Wauguzi ndipo asajiliwe na kupewa leseni. Binti yetu aliukalia, akaanguka. Sheria yamruhusu kurudia, lakini huku nyumbani maneno yalitangulia: wengine walisema arudi Mombasa aolewe, wengine wakauliza ada ya miaka yote ile ilikwenda wapi. Kwa miezi miwili hakupokea simu ya mtu yeyote ila ya mamake.

Tulimkuta amebadili namna ya kusoma. Kila asubuhi hutembea hadi maktaba ya Kaloleni, mtaa uliojengwa miaka ya 1940. Maktaba hiyo ni tawi la McMillan, kama ile ya Makadara, na zote mbili zimekarabatiwa miaka ya karibuni. Hapo hukutana na wenzake wawili wanaorudia mtihani uo huo. Tulimuuliza kilichomwangusha.

"Khalati, nilikuwa nimekariri vitabu," alisema. "Mtihani haukuniuliza kitabu chasema nini. Uliniuliza nitafanya nini kwanza."

Akatupa mfano. Mama amejifungua salama, kisha damu inamtoka bila kukoma. Kila mwanafunzi ajua kwamba damu ikifika mililita 500 baada ya uzazi wa kawaida, hiyo ni hatari. Lakini muuguzi aliye peke yake usiku aanze na lipi? Huita msaada kwa sauti, huku mkono wake tayari unaukanda mji wa uzazi ili ukaze, na dawa ya kuukaza itolewe bila kuchelewa. Anayesimama kukumbuka ukurasa humpoteza mama. Basi wale watatu huulizana kwa zamu: mmoja huwa mgonjwa, wa pili muuguzi, wa tatu husahihisha.

Tuliposikia hayo, hasira zetu juu ya mtihani zilipungua. Sisi ni akina mama. Tumelala katika vitanda hivyo. Nani kati yetu angependa kuhudumiwa na asiyejua la kuanza nalo? Leseni ile ni amana, na ugumu wake unatulinda sisi na watoto wetu.

Hata hivyo, anayerudia mtihani anahitaji nauli, chakula, na nyumba isiyomsuta. Ndugu wasomaji, mkiwa na kijana wa namna hii, msimuulize kila juma matokeo yatatoka lini. Mwulizeni amesoma nini leo, kisha msikilizeni. Mpunguzieni kazi za nyumbani hadi siku ipite. Wala msiupange mustakabali wake kana kwamba mlango umefungwa, maana haujafungwa.

Mtihani ni mwezi ujao. Dada yetu amekwisha tuma kodi ya chumba ya miezi miwili, na kikapu cha samaki wakavu kimefuata kwa basi. Mwenyezi Mungu amfungulie, amin.