Mwalimu wa Kiholanzi

Zamani Japani ilijifungia milango. Kwa muda wa miaka zaidi ya 200, katika watu wa Ulaya, Waholanzi peke yao waliruhusiwa kufanya biashara huko, tena katika bandari moja tu, Nagasaki. Kwa hiyo Mjapani aliyetaka elimu ya Ulaya, kama utabibu au ufundi wa mizinga, alijifunza Kiholanzi kwanza.

Mmoja wao alikuwa Fukuzawa Yukichi, aliyezaliwa mwaka wa 1835. Alianza lugha hiyo Nagasaki mwaka wa 1854, na mwaka uliofuata akaingia shule ya tabibu Ogata Kōan mjini Osaka. Vitabu vilikuwa haba, hata wanafunzi walivinakili kwa mkono; na kamusi kubwa ilikuwa moja tu, wote wakiigombea. Siku moja Fukuzawa alitafuta mto wa kulalia, asiuone. Ndipo alipotambua kwamba kwa muda wa mwaka mzima hakulalia mto hata mara moja; usingizi ulipomshinda, aliinamia meza yake.

Mwaka wa 1858 aliitwa Edo, mji uitwao sasa Tokyo, ili afundishe Kiholanzi. Mwaka uliofuata bandari ya Yokohama ilifunguliwa kwa mataifa, naye akaenda kwa miguu kuwaona wageni. Akasema nao, wasimwelewe. Akatazama maandishi ya madukani, asiweze kuyasoma. Wengi wao walitumia Kiingereza. Jasho la miaka mitano lilionekana kuwa kama maji yaliyomwagwa mchangani.

Alirudi amevunjika moyo. Lakini kesho yake aliazimu kuanza tena. Kwa kuwa kupata mwalimu kulikuwa shida, alitafuta kamusi ya Kiingereza na Kiholanzi, akasoma neno kwa neno. Kidogo kidogo akaona kwamba lugha hizo ni ndugu. Maji, kwa mfano, huandikwa *water* katika zote mbili, na mpango wa maneno hufanana mara nyingi. Taabu yake ya kwanza haikupotea. Ilikuwa ngazi ya kupandia.

Mwaka wa 1860 alisafiri kwa merikebu mpaka Marekani, na baadaye akaandika vitabu vingi. Shule yake ndogo ilikua, nayo leo ni Chuo Kikuu cha Keio.

Wahenga walisema, "Akiba haiozi." Ajifunzaye lugha moja kwa bidii amejifunza pia namna ya kujifunza ya pili.