Mtahini na Mtahiniwa

Mtihani ni mizani, na mwenye kushika mizani hupimwa pamoja na kitu apimacho. Sehemu ya kwanza ya neno hili niliijua tangu nilipoanza kazi ya ualimu. Sehemu ya pili nilifundishwa na binti mmoja aliyekuwa mwanafunzi wangu, katika mwaka niliomnyima alama mbili.

Kazi yangu ni kufundisha katika chuo kimoja cha ufundi hapa Tanzania. Vijana wangu hujifunza kuchonga metali kwa mashine ziongozwazo na kompyuta. Kwa kuwa wengi wa wasomaji wa kurasa hizi wamezoea kalamu kuliko tupa, yafaa nieleze kwanza kazi hii ni kazi gani.

Zamani fundi alizungusha gurudumu la mashine kwa mkono wake mwenyewe, akakisogeza kisu kidogo kidogo, jicho lake likiwa juu ya chuma na sikio lake likisikiliza mlio wake. Mwaka 1952, katika Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts, huko Marekani, ilionyeshwa mashine ya kuchonga iliyopokea amri zake kutoka katika utepe wa karatasi uliotobolewa matundu. Wazo hilo lilitoka kwa John Parsons, aliyekuwa mtengenezaji wa mapanga ya helikopta, ambaye alitaka maumbo yaliyopinda yachongwe kwa hesabu badala ya kukisiwa. Leo utepe umeondoka, amri zimebaki. Mwanafunzi huchora kipande katika kompyuta, huchagua kisu na kutaja mwendo wake. Kisha programu humtungia njia ya kisu na kuigeuza kuwa mistari ya herufi na tarakimu. G00 ni amri ya kwenda mbio pasipo kukata. G01 ni amri ya kwenda katika mstari ulionyoka kwa mwendo uliopimwa. M03 hukizungusha kisu. Kabla amri hizo hazijapelekwa katika mashine, programu huonyesha kazi yote juu ya kioo. Kisu huonekana kikipita huku na huku, na kipande kikatokea safi, bila jasho wala kelele.

Juu ya kioo hicho ndiko nilikokuwa nikiwatahini wanafunzi wangu. Mtihani ulikuwa wa saa tatu. Wanafunzi 12 walipewa ramani ya bamba la alumini lenye kishimo katikati na matundu manne kwenye pembe. Karatasi ya alama ilikuwa na mafungu matano: usahihi wa umbo, uchaguzi wa kisu, njia ya kisu, mfano usio na kosa juu ya kioo, na kumaliza kwa wakati. Niliiandika mimi mwenyewe, na sikuona upungufu wowote ndani yake.

Kijana mmoja alimaliza wa kwanza. Vidole vyake vilikuwa vyepesi, na mfano wake ulipita tangu mwanzo hata mwisho bila alama nyekundu hata moja. Nilimpa 94. Nyuma yake alikaa binti mmoja mpole, ambaye hata nusu saa ilipokwisha alikuwa bado hajachagua kisu. Aliinua mkono.

"Samahani, Mwalimu. Bamba hili litashikwa na nini juu ya meza ya mashine?"

"Swali hilo halimo katika karatasi, mwanangu," nilimjibu. "Fanya lililoandikwa."

"Nimesikia, Mwalimu."

Alisikia, lakini hakutulia. Alianza kuchora vibano pembeni mwa bamba, kimoja baada ya kimoja, kazi ambayo sikuwa nimeitengea alama yoyote. Saa ya tatu ilipogonga tundu la mwisho lilikuwa bado. Alama zake zilikuwa 48, na mpaka wa kufaulu ulikuwa 50. Nilitia sahihi, nikapeleka karatasi zote ofisini jioni ile ile.

Siku ya tatu tulikwenda karakana ili kazi bora ichongwe mbele ya wote. Tulilifunga bamba juu ya meza kwa vibano vinne, ambavyo vichwa vyake vilisimama kiasi cha milimita 15 juu ya uso wa bamba. Amri za yule kijana ziliingizwa. Kisu kilitoboa tundu la kwanza vizuri, kikainuka milimita 5 kama kilivyoamriwa, kisha kikaenda mbio kuelekea tundu la pili. Katikati ya njia palikuwa na kibano. Nilikibonyeza kitufe chekundu cha kusimamisha mashine, lakini mkono wa mwanadamu ni mzito mbele ya G00. Kulikuwa na mshindo mmoja, kisha kimya. Kisu kilivunjika vipande viwili, na kibano kikapata jeraha ambalo linaonekana hata leo. Namshukuru Mungu kwamba mlango wa mashine ulikuwa umefungwa na hapakuwa na mtu aliyeumia.

"Mwalimu," kijana alisema huku midomo ikimtetemeka, "kwenye kompyuta ilipita."

Alisema kweli, wala programu haikusema uongo. Vibano havikuwamo katika mchoro wake, na kisichokuwamo katika mchoro hakiwezi kugongwa. Wahenga walisema msema pweke hakosi. Kioo kile kilikuwa msema pweke, nami nilikuwa nimekifanya hakimu. Sikumlaumu kijana, alifanya yote niliyomwomba. Palepale nililikumbuka swali la binti. Nilimtazama, naye akainamisha macho, kama mtu anayeona haya kwa ajili ya mwenziwe.

Nilimwomba aimalizie kazi yake. Ilimchukua dakika 40. Aliamuru kisu kiinuke milimita 25 kila kitokapo tundu moja kwenda jingine, na bamba likachongwa salama. Nilipolipima, kipimo kilichopotoka zaidi kilitofautiana na ramani kwa milimita 0.02. Nilikwenda ofisini kueleza kosa langu, nikaandika na barua. Nilijibiwa kwa upole kwamba alama zilizotiwa sahihi hazibadilishwi, na kwamba mwanafunzi anaweza kurudia mtihani baada ya miezi sita. Alirudia, akafaulu. Lakini miezi sita ya kijana wa maskini si kitu kidogo. Wenzake walipata kazi naye akawa nyumbani, akihesabiwa miongoni mwa walioshindwa, kwa sababu aliuliza swali la kifundi kwa mtu ambaye siku hiyo hakuwa fundi.

Wako walimu wenzangu wanaosema kwamba mtihani wa kioo ni wa haki: wote hupewa kazi moja, hakuna kisu kinachovunjika, na mashine zetu ni chache ilhali wanafunzi ni wengi. Hoja hizi zina uzito, nami sijaufuta mtihani huo. Nimeuondoa katika kiti cha enzi tu. Sasa, kabla ya kuwasha kompyuta, mwanafunzi hueleza kwa kalamu jinsi kipande kitakavyoshikwa, mahali pa kuanzia vipimo, na urefu wa kisu kinachotokeza nje ya kishikio chake. Kisha hupiga hesabu moja kwa mkono. Kisu chenye kipenyo cha milimita 10 kikitakiwa kukata alumini kwa mwendo wa mita 100 kwa dakika, kizunguke mara ngapi? Mzingo wake ni milimita 31.4, ukigawanya 100,000 kwa 31.4 utapata mizunguko 3,180 hivi. Kikiwa na meno mawili, na kila jino likila milimita 0.05, kitasogea milimita 318 kwa dakika. Programu huyajua haya kabla ya mtu kupepesa jicho. Lakini asiyeweza kuyakisia hatashtuka siku kidole chake kitakapoandika 31,800. Mwishoni mwanafunzi husoma mistari 10 ya amri zake na kunionyesha kwa mkono, mbele ya mashine iliyozimwa, mahali kisu kitakapopita.

Fungu moja zaidi nimeliongeza katika karatasi ya alama, nalo ni la maswali ya mwanafunzi mwenyewe. Limetengewa alama 10. Kila mwaka ninapoligawa kwa haki huwakumbuka wawili wale: mmoja aliyejibu yote niliyouliza, na mmoja aliyeuliza nisilolijibu. Katika mtihani ule tulikuwa watahiniwa 13, na aliyeanguka alikuwa mimi.