Kuua na kuendelea kutembea

Jioni moja nilikuwa nafundisha vijana Kiingereza katika chumba kidogo huko Kadutu, mjini Bukavu. Tulifika kwenye msemo «to get away with murder». Niliwaeleza kwamba maana yake ni kutenda ubaya bila kuadhibiwa, na kwamba Waingereza huutumia hata kwa mambo madogo: mtoto anayedekezwa, au mfanyakazi anayechelewa kila siku na mkubwa wake ananyamaza. Hakuna aliyeuawa hapo, ni namna ya kusema tu.

Vijana walicheka. Msichana mmoja hakucheka. Akauliza: «Mwalimu, kwao ni mfano tu?»

Baba yake aliuawa usiku na watu wenye silaha. Mama yake alipeleka mashtaka. Aliombwa pesa za karatasi, kisha pesa za usafiri wa wachunguzi. Akalipa. Miaka imepita, na hakuna anayemwambia dosie iko wapi. Mmoja wa watu hao anajulikana mtaani, na mchana hupita sokoni kama raia mwingine. Sikuwa na jibu.

Ndugu wasomaji, haya si ya familia moja. Mwaka 2010 Umoja wa Mataifa ulitoa ripoti ya Mapping, iliyoorodhesha matukio 617 ya ukatili mkubwa katika nchi yetu kati ya 1993 na 2003. Mwaka 2018, Daktari Denis Mukwege alipopokea tuzo ya Nobel huko Oslo, aliikumbusha dunia kwamba ripoti hiyo bado imelala ndani ya droo.

Lakini tusiseme kwamba haki haiwezekani. Desemba 2017, huko Kavumu, mahakama ya kijeshi iliwahukumu wanaume 11 kifungo cha maisha kwa sababu ya ubakaji wa watoto wadogo. Mmoja wao alikuwa mbunge wa jimbo, na cheo chake hakikumwokoa. Wazazi walithubutu kusema, madaktari na mawakili wakasimama nao.

Kwa hiyo namwambia msichana yule na wengine walio kama yeye: msichoke kuuliza dosie iko wapi. Na wewe uliyeiweka kabatini, ujue kuna mtoto anayengoja jibu.