Magugu Maji ya Lualaba

Tangu reli ilipofika Bukama mwaka 1918, hapa kwetu ndipo gari-moshi na mashua hupokezana mizigo. Njia ya maji hushuka kutoka hapa zaidi ya kilometa 600 hadi Kongolo, na kwa njia hiyohiyo samaki waliokaushwa wa maziwa ya Upemba na Kisale hupandishwa kwenda masokoni. Njia ikizibwa na majani, sufuria za nyumba nyingi hukaa tupu.

Majani yenyewe ni mazuri, na uzuri huo ndio uliowaponza watu. Gugu maji lilitoka Amerika ya Kusini, likasambazwa duniani kwa ajili ya ua lake la zambarau. Mabua yake yamevimba kwa hewa, hivyo huelea. Kila mmea hutoa vikonyo pembeni, na kila kikonyo huzaa mmea mpya. Penye joto na maji yenye rutuba, zulia lake huweza kuongezeka maradufu kwa muda wa wiki mbili hivi. Mbegu huzama topeni na kungoja humo miaka mingi.

Tusiyachanganye na mafunjo. Mafunjo ya Kisale ni ya kale. Visiwa vyake vinavyoelea vimebeba vibanda vya wavuvi, na samaki hupata kivuli katikati ya mizizi yake. Watu wamevua katika ziwa hilo zaidi ya miaka 1,000, kama makaburi ya Sanga yanavyoshuhudia. Chini ya magugu maji hali ni nyingine: mwanga haupiti, hewa iliyomo majini hupungua, samaki huhama au hufa, nao konokono wa kichocho hupata maficho karibu na mahali watoto wanapooga.

Mvuvi akiona mtumbwi wake umezingirwa, hushika panga. Twamwelewa, ingawa gugu hili halipendi kitu kuliko panga. Vipande huchukuliwa na mkondo, na kila kipande chenye chipukizi huanza maisha mapya mbele ya kijiji kingine. Wanaofuga samaki wa bahari na matumbawe ndani ya matangi ya vioo wana adui mwenye tabia hiyohiyo, anemoni mdogo aitwaye aiptasia. Huingia akiwa amejificha katika jiwe. Akikatwa, kipande kidogo cha mguu kilichobaki hukua kuwa anemoni mzima. Wafugaji wenye busara waliacha kisu, wakamleta konokono wa bahari asiye na gamba, aitwaye berghia, ambaye hali kitu kingine ila aiptasia. Aiptasia wakiisha, berghia naye hufa kwa njaa.

Gugu maji nalo lina mlaji wake: neochetina, mdudu mdogo wa jamii ya fukusi, aliyetoka bara lilelile. Mdudu mzima huguguna majani, na buu wake hutoboa mabua mpaka mmea uingiwe na maji na kuzama. Uganda iliwaachia wadudu hao katika ziwa Victoria mwaka 1995, Kenya ikafuata mwaka 1997. Kufikia mwisho wa mwaka 1998 magugu yalikuwa yamepungua sana upande wa Uganda, mawimbi na mvua kubwa za El Niño zikisaidia. Hata hivyo, ghuba iliyo mbele ya Kisumu imefunikwa tena mara kadhaa, kwa kuwa mbegu zipo na mito haijaacha kuleta mbolea na uchafu. Mdudu hupunguza, hamalizi.

Na sumu? Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilipulizia sumu mto Kongo kati ya Léopoldville na Stanleyville. Magugu yangalipo. Sisi tunaokunywa maji ya mto hatuna hamu ya kulirudia jaribio hilo.

Inabaki kazi ya mikono, chafu na ya kuchosha: kuvuta mmea mzima pamoja na mizizi kabla haujachanua, wakati wa kiangazi maji yanapopungua, kuupakia mtumbwini badala ya kuusukuma uende na mkondo, kisha kuumwaga mbali, pasipofikiwa na mafuriko. Hili la mwisho ndilo husahaulika. Rundo lililoachwa ukingoni mwezi Agosti, mto ukijaa hulichukua tena. Zaidi ya sehemu tisa kati ya kumi za uzito wake ni maji, kwa hiyo afadhali likauke siku kadhaa kwanza. Yakiisha kuoza, majani hayo hufaa kwenye migomba.

Zamu za kazi bado tunazijadili. Wavuvi wanasema wenye mashua kubwa ndio wanaofaidi bandari; wenye mashua wanasema nyavu zinazonaswa si zao. Na kila asubuhi mkondo unaleta mengine.